Timu Imeshinda, Mimi Nimeliwa

Nina swali moja, na ninaliuliza nikiwa sijalala. Timu imecheza dakika 48. Imeongoza tangu robo ya kwanza bila kukatika hadi king'ora cha mwisho. Mashabiki wake wametoka ukumbini wakiimba, kocha wake amepeana mkono na mwenzake, wachezaji wamekumbatiana. Hiyo timu imeshinda au imeshindwa?

Imeshinda. Hata mama watoto, ambaye mpira wa kikapu anaufahamu kwa jina la "ule wa warefu", anasema imeshinda. Mpwa wangu anasema imeshinda. Mtandaoni kote wameandika imeshinda. Duniani yupo mmoja tu anayesema haikutosha, na kwa bahati mbaya ndiye aliyeshika elfu kumi yangu.

Mimi si mtu wa kikapu kwa kuzaliwa. Nimekulia kwenye mpira wa miguu, wa Jangwani na Msimbazi. Kikapu nilianza kukichungulia mwaka 2009, pale Hasheem Thabeet, kijana wa hapa hapa Dar es Salaam, alipochaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili katika orodha nzima ya vijana walioingia NBA mwaka ule. Wa pili! James Harden akaitwa wa tatu. Stephen Curry akakaa akisubiri mpaka wa saba. Mtaani kwetu tulitembea wiki nzima tumenyoosha shingo, kila mtu akijiona ameongezeka inchi mbili. Tangu hapo nikawa nafuatilia, ila kwa staha: matokeo asubuhi, na kikombe cha chai, basi. Huyo Curry wa saba naomba umweke pembeni kidogo. Ana mkono wake katika msiba huu.

Aliyeniharibu ni mpwa wangu. Amemaliza chuo, anasubiri ajira, na anaisubiria kwenye kochi langu mwaka wa pili sasa. Jumanne mchana akanijia.

"Mjomba, shikamoo."

Mtoto aliyekuamkia asubuhi akikuamkia tena mchana, ujue kuna hela inatafutwa.

"Marahaba. Sema."

"Leo usiku kuna mkeka wa uhakika. Wenyeji wanashinda. Yaani hata wageni wenyewe wanajua."

Nikaangalia odi. Wenyeji kushinda, 1.38. Maana yake naweka elfu kumi, nakesha, alfajiri napata faida ya shilingi 3,800. Mlinzi wa zamu ya usiku akilipwa hivyo anaacha geti wazi. Nikamwambia mpwa wangu kwamba mimi ni mtu mzima, sikeshi kwa hela ya nauli.

"Basi chukua hendikepu, mjomba. Hiyo ni 1.91."

Na hapo ndipo nilipotakiwa kuinuka, nichukue kofia yangu, niende zangu. Badala yake nikauliza hendikepu ni nini.

"Ni hivi. Kila mtu anajua wenyeji watashinda. Kwa hiyo huulizwi nani atashinda, unaulizwa atashinda kwa ngapi. Wenyeji wanaanza na deni la pointi tano na nusu. Wakishinda kwa sita kwenda juu, umekula. Wakishinda kwa tano, umeliwa."

"Wakishinda kwa tano wameshinda."

"Wameshinda wao, mjomba."

Hebu fikiria mambo haya kwenye mpira wetu. Yanga inashinda moja bila, penalti ya dakika ya tisini ambayo hata aliyeipiga ameona aibu. Watu wanaingia barabarani, wanapuliza mavuvuzela mpaka wagonjwa wanalalamika. Kuna shabiki gani wa Yanga anasimama katikati ya barabara, ameshika kiuno, anauliza kwa nini haikuwa mbili na nusu?

Halafu hiyo nusu. Kwenye kikapu kuna pointi moja ya mtupo huru, kuna mbili, kuna tatu. Nusu haipo. Tangu James Naismith atundike vikapu vyake vya matunda kule Springfield, Massachusetts, mwaka 1891, hakuna binadamu aliyewahi kufunga nusu pointi. Nikauliza basi ni ya kazi gani. Kumbe imewekwa ili asitokee mtu wa kurudishiwa hela yake. Deni likiwa tano kamili na tofauti ikawa tano, kila mtu anachukua chake mnalala salama. Nusu ipo ili lazima mmoja alie. Kiswahili kina nusu nyingi, nusu mkate, nusu shari, nusu kaputi. Hii ni ya ukoo wa nusu kaputi: unapewa kidogo tu, ukizinduka umeshapasuliwa.

Mwenye wazo hili nimemtafuta. Anayetajwa sana ni Charles McNeil, Mmarekani aliyekuwa akiendesha shughuli za kamari Chicago miaka ya 1940. Na kabla ya kamari, je? Alikuwa mwalimu wa hesabu. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mwalimu wa hesabu! Nilimaliza kidato cha nne nikidhani tumeachana salama na watu hawa, kila mtu na njia yake, kumbe wamezunguka kwa nyuma wananisubiri na desimali.

Kwa akili ni jambo zuri, nakiri, na ndiyo maana linaniudhi. Mkubwa akicheza na mdogo, nani ataweka hela yake kwa mdogo? Hakuna. Mwalimu akampa mkubwa deni la kuanzia, mechi ya upande mmoja ikawa nusu kwa nusu, na watu wakarudi kupanga foleni pande zote mbili. Wewe unadhani unabashiri mchezo. Kumbe unabishana na mwalimu kuhusu jibu ambalo ameshaliandika ubaoni.

Basi mpwa wangu akaniambia weka sasa hivi. Nikamjibu, haraka haraka haina baraka. Nikaenda kufanya utafiti. Kuanzia saa saba mchana hadi saa mbili usiku nilisoma kila nilichokikuta: nani ana kifundo kibovu, nani amegombana na kocha, nani amehamishwa. Nikagundua jambo kubwa. Wageni walicheza usiku uliotangulia katika mji mwingine, wamelala kwenye ndege, miguu yao ni mizito. Nikajiona mpelelezi. Nikarudi kwa mpwa wangu kifua mbele, nikafungua simu niweke mkeka.

"Mwanangu, hii ilikuwa tano na nusu. Mbona naona sita na nusu?"

"Imesogea, mjomba. Watu wengi wameingia upande wa wenyeji. Si wamejua wageni wamechoka?"

Nilichokigundua mimi kwa saa saba, wenzangu walishakigundua kwa dakika saba, na bei ikapanda kama ya nyanya mvua zikizidi.

"Sasa inakuwaje?"

"Kawaida tu. Ni pointi moja, mjomba. Pointi moja itakufanya nini?"

Nikaweka.

Mchezo ulianza saa moja na nusu jioni ya kwao, ambayo kwetu ni saa tisa na nusu usiku, saa ambayo hata mbwa wa mtaa wameshakubaliana kupumzika. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki hapo barazani, maana mama watoto hataki mwanga chumbani. Simu mbili: moja ya mpwa ina picha, yangu ina mkeka. Bando limenunuliwa kwa hela ambayo kwenye mahesabu yangu ya faida sikuitoa, na naomba tusiizungumzie. Mpwa mwenyewe robo ya pili haikuisha, akawa anakoroma.

Robo ya tatu wenyeji wakaongoza kwa 21. Ishirini na moja! Nikaanza kuitumia ile faida. Shilingi 9,100. Nikanunua sato wawili, nikaona mmoja ni mdogo, nikamrudisha nikachukua mwingine. Nikampa mpwa elfu moja ya ushauri. Nikataka kumnunulia mama watoto khanga, nikaona haitoshi, nikarudi kwa sato.

Sasa timu ikiongoza hivyo, kocha anafanya nini? Anafanya kile ambacho kocha yeyote mwenye akili angefanya, yaani kuniua. Anawatoa nyota wake. Wanakaa benchi wamejitupia taulo mabegani, wanacheka, wanapakwa barafu magotini. Wanaingizwa vijana ambao hata mama zao huwa wanabahatisha kuwaona uwanjani. Wamarekani wenyewe dakika hizi wanaziita za takataka. Takataka kwao. Mimi ndizo zilizobeba sato wangu.

Ishirini na moja ikawa kumi na saba. Ikawa kumi na nne. Adhana ikalia. Ikawa kumi na moja, kisha tisa. Kocha hana habari; tisa zinamtosha kabisa. Na kwa nini zisimtoshe? Yeye anatafuta ushindi, hana deni la mtu.

Zikabaki sekunde 31. Ubao unasoma 111 kwa 102, na mpira ni wa wenyeji. Hapa nikashusha pumzi, maana timu ikishika mpira ina sekunde 24 za kurusha, sheria ya tangu mwaka 1954, na mimi hesabu nyepesi kama hizo naziweza: 31 toa 24 zinabaki saba. Wakirusha wakafunga, safi. Wakirusha wakakosa, bado safi. Sikujua kuna la tatu. Kule kuna adabu yao: ukishashinda, huongezi kikapu cha kumtia mwenzako aibu. Kijana wa wenyeji akasimama katikati ya uwanja anadundadunda mpira kama mtu anayesubiri daladala, hana haraka, anaangalia juu. Sekunde 24 zikaisha mikononi mwake. Wakanyang'anywa mpira kwa kuchelewa, na hakuna hata mmoja aliyejali. Watu wakapiga makofi! Nimelelewa kuheshimu heshima, lakini ile ilikuwa ya kwenda kuifanyia kwao.

Sekunde saba, mpira wa wageni. Mimi nikiwa nimesimama juu ya kiti.

Kuna jambo kuhusu simu mbili ambalo hakuna aliyenionya. Picha huchelewa. Namba hazichelewi. Kwenye simu ya mpwa kijana wa wageni bado hajapokea hata mpira, anafunga kamba ya kiatu. Kwenye simu yangu ubao umeshabadilika: 111 kwa 105. Yaani nimepokea taarifa ya msiba, halafu nikalazimika kukaa nimtazame marehemu akipiga mswaki. Na bado nikaanza kumsihi. "Usirushe! Usirushe mwanangu! Rudisha!" Nikimsihi kijana aliyekwisha kurusha, akafunga, pengine yuko bafuni.

Mzee wa jirani alikuwa anatoka msikitini. Akasimama kwenye ua.

"Jirani, kwema?"

"Kwema, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna mgonjwa?"

Ningesemaje? "Anaendelea vizuri, mzee. Tunashukuru."

Nikageuka kwenye picha nikamwona kijana anarusha. Kutoka mbali, mbali kabisa, hakuna aliyemnyanyulia hata kidole. Mpira ukaenda juu kama unaaga, ukashuka katikati ya wavu, na king'ora kikalia. Tofauti: pointi sita. Deni langu: sita na nusu.

Sasa nimrudie Curry. Kijana yule angekwenda karibu akafunga ya mbili kama walivyokuwa wakifunga wazee, 111 kwa 104, tofauti saba, mimi na sato wangu tumelala pazuri. Lakini NBA ilichora mstari wa pointi tatu mwaka 1979, watu wakauzoea polepole kwa adabu, mpaka alipokuja huyo wa saba wa mwaka 2009 akawafundisha watoto wa dunia nzima kwamba kurusha kutoka karibu na katikati ya uwanja si utovu wa nidhamu. Memphis walipomchukua wa kwetu kabla yake tulishangilia sana. Sikujua kwamba aliyebaki nyuma kwenye foleni ndiye ananihusu.

Na kumbuka ile tano na nusu ya mchana. Ushindi wa sita unaifuta ile kwa nusu pointi nzima. Utafiti wangu wote, saa saba za macho mekundu, gharama yake ilikuwa pointi moja, na pointi yenyewe ndiyo hiyo.

Palipopambazuka nilitaka kwa moyo wangu wote kijana yule awe mwizi. Mtu akiibiwa angalau anapata pole. Nikaingia kutafuta, na kweli nikakuta kwamba hendikepu ilizaa wizi wa aina yake. Mchezaji haombwi tena kuuza mechi, anaombwa ashinde kidogo. Anapata kombe na anapata bahasha. Mwaka 1951 walikamatwa wachezaji wa City College ya New York, chuo ambacho mwaka mmoja nyuma kilibeba mataji yote mawili makubwa ya vyuo, kwa kosa hilo la kupunguza pointi. Mwaka 2007 ikajulikana kwamba mwamuzi wa NBA, Tim Donaghy, amekuwa akibeti mechi anazochezesha mwenyewe. Mwaka uliofuata akahukumiwa miezi 15 jela. Nikasema moyoni, hapa hapa, tumempata.

Nikarudia kile kipande cha picha mara tisa. Hakuna kitu. Kijana wa benchi, mkataba wake mwembamba, kila pointi inaandikwa kwenye kumbukumbu zake na mwakani ndiyo itakayomtetea. Alikuwa na mpira, hakuna aliyemzuia, akarusha. Hata mimi ningerusha. Ulipoingia alikunja ngumi kidogo tu, kwa aibu, maana timu yake imepigwa. Hiyo ngumi ndogo ndiyo iliyoniuma kuliko hela.

Kilichobaki ni yule mwingine. Maana mahali fulani yupo mtu aliyechukua wageni na deni lile lile la sita na nusu, amekesha kama mimi, na kwa sekunde ile moja ameruka mpaka kwenye dari. Yuko wapi? Pengine Boston, ingawa wale wamechelewa kwenye shughuli hii: Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta zuio Mei 2018, na jimbo lao la Massachusetts halikufungua milango mpaka 2023. Manzese tulikuwa tumeshachana mikeka ya timu yao miaka kabla wao hawajaruhusiwa kuichana wenyewe. Popote alipo, ameweka elfu kumi yake na mimi yangu, jumla elfu ishirini, amepewa 19,100. Zile mia tisa hazikwenda kwake wala hazikurudi kwangu. Nikakaa nikazipigia hesabu, kwa kuwa mwalimu ameshanilazimisha. Mtu akiweka mikeka mia moja ya namna hii, elfu kumi kila mmoja, akapatia 52, amepatia kuliko alivyokosea. Anarudishiwa 993,200. Aliweka milioni. Yaani shuleni kwa McNeil ukipata hamsini na mbili kwa mia unatoka na deni.

Mama watoto akaamka saa kumi na mbili na nusu, akanikuta bado kwenye kiti.

"Baba watoto, wale warefu wako wameshinda?"

"Wameshinda."

"Hongera. Basi acha hela ya mboga mezani."

Nilijaribu kumweleza. Nilianza na deni, nikaja kwenye nusu, nikataja Chicago. Alinisikiliza kwa upole kabisa, mkono shavuni, kama anavyomsikilizaga mjomba wake wa Morogoro anapoeleza kwa nini hakuweza kuja harusini. Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Mpwa naye akazinduka, akaangalia simu, akaona 111 kwa 105. "Mjomba! Wameshinda!" Akaja kunipa mkono. Nikautazama ule mkono.

Nilikuwa nimeapa. Lakini jana niliona wageni wale wale wanacheza tena, ugenini tena, na safari hii wao ndio wanaodharauliwa: wamepewa pointi nane na nusu za bure. Deni liko kwa wengine. Nikafikiri, dakika za takataka zitafika, kijana wangu ataingia, atasimama kule mbali kwake, hatazuiwa. Jina lake nimeshalijua, nimejua na namba ya jezi, hata chuo alichosoma. Sikufanya utafiti mwingine wowote. Nikaweka mapema, mchana, kabla bei haijasogea.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi walikuwa nyuma kwa tisa. Sekunde ishirini, mpira wa kwao. Safari hii nilikuwa na simu moja tu, ya picha. Kamera ikapita taratibu kwenye benchi lao na nikamwona, amekaa wa pili kutoka mwisho, taulo begani, anacheka na mwenzake, hajavua hata suruali ya joto. Nikasimama juu ya kiti nikamwita kwa jina lake, kwa sauti.

Nje ya ua nyayo zikasimama.

"Jirani," akasema mzee, "mgonjwa bado tu?"